Siku Niliyoshuka Chini ya Bahari

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimeishi zaidi ya miaka sabini, na thelathini na saba kati ya hiyo niliitumia nikiwa nimeshika chaki. Niliyoyaona ni mengi, lakini watu wanaonitembelea siku hizi hawaniulizi habari za Elimu kwa Wote ya mwaka 1977, wala za shule tatu nilizoziongoza. Huniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, ni kweli uliingia kwenye nyambizi ukashuka chini ya bahari? Ulifuata nini huko?" Nimekuwa nikilijibu swali hilo vipande vipande barazani. Hapa nataka kulijibu kwa ukamilifu, kwa sababu jibu lake halinihusu mimi peke yangu.

Nilizaliwa Ugogoni, mahali ambapo maji huchimbwa katika mchanga wa korongo. Mwaka 1972 na 1973 nilisoma Chuo cha Ualimu Mpwapwa, na huko ndiko nilikojifunza habari za matumbawe, kutoka kwenye picha iliyotundikwa ukutani. Mkufunzi wetu alieleza kwamba tumbawe si jiwe wala si mmea, bali ni nyumba ya chokaa iliyojengwa na wanyama wadogo sana, jamaa za kiwavi wa baharini. Niliandika maelezo hayo kwenye daftari, nikayakariri, nikafaulu mtihani. Januari 1974 nilipangiwa kazi katika shule ya msingi kijijini, mwambao wa Tanga, na siku niliyofika ndiyo siku niliyoiona bahari kwa mara ya kwanza.

Kutoka katika mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu niliweza kuona mahali ambapo mawimbi yalikuwa yakivunjika, mbali kidogo na pwani. Wenyeji waliniambia pale ndipo penye mwamba. Kwa miaka mingi mwamba kwangu ulikuwa ni huo mstari mweupe wa povu. Sijui kuogelea hata leo. Mgogo na kuogelea wapi na wapi. Samaki nilikutana nao sahanini. Niliwafundisha watoto majina waliyonifundisha wao wenyewe: changu, tasi, pono, chewa, kangaja, kolekole.

Msomaji aliyewahi kuishi mwambao huo katika miaka ya 1980 na 1990 atakumbuka sauti nyingine, sauti ya baruti. Uvuvi wa kutumia milipuko ulikuwa umekatazwa na sheria tangu zamani, lakini ulifanyika mchana kweupe. Tulikuwa darasani tukifundisha hesabu, mara kishindo kinatoka baharini, mabati ya paa yanatetemeka, na watoto wanahesabu kwa sauti ya chini: moja, mbili, tatu. Siku nyingine walifika hadi saba kabla ya kengele ya mapumziko. Waliofanya kazi hiyo walijulikana, na walikuwa na fedha. Walipenda kuwatumia vijana wadogo wajuao kupiga mbizi, kwa sababu samaki wengi waliouawa na mlipuko huzama. Kishindo hupasua kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki, naye hushuka chini kama jiwe. Wanaoelea juu na kuokotwa ni sehemu tu ya waliokufa.

Mwaka 1991 mmoja wa wanafunzi wangu wa darasa la sita, mtoto wa miaka kumi na mitatu, alishikishwa chupa yenye baruti, ikalipuka kabla hajaitupa. Alipoteza mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Baada ya miezi minne alirudi shule, akakaa dawati la mbele, akaanza kujifunza upya kuandika irabu kwa mkono wa kushoto, pamoja na mdogo wake wa darasa la kwanza. Wakati mwingine, jioni wenzake wakiwa wamekwenda nyumbani, mimi na yeye tulibaki tukiandika. Alimaliza darasa la saba pamoja na wenzake.

Tangu siku hizo nilibaki na swali moja kichwani. Mkono niliuona ulivyokatika. Lakini kule chini, kilivunjika nini? Kila siku kilikuwa kikivunjwa kitu nisichopata kukiona, ila katika picha ya ukutani Mpwapwa. Hicho ndicho nilichokwenda kukitazama.

Nafasi ilipatikana mwezi Agosti 2023. Binti yangu wa pili anaishi Mauritius, ambako mumewe ameajiriwa. Walinitumia tiketi ya ndege, nami nikaenda kupitia Nairobi. Kisiwa kile kiko mashariki ya Madagaska, katika bahari hii hii yetu ya Hindi, na kimezungukwa karibu pande zote na miamba ya matumbawe. Binti yangu alikuwa amekwisha kunisikia mara nyingi nikizungumza habari za mwamba. Akaniambia, "Baba, kuna nyambizi ya watalii huku kaskazini-magharibi, Trou aux Biches. Huhitaji kuogelea wala kulowa. Unakaa kwenye kiti kama ndani ya basi."

Mama yao aliposikia kwa simu hakuafiki. Ilikuwa miezi miwili tu tangu ile nyambizi ndogo iitwayo Titan ipasuke katika Bahari ya Atlantiki, Juni 2023, na kuua watu watano waliokuwa wakienda kuangalia mabaki ya meli ya Titanic. Redio zote zilikuwa zimetangaza. "Mzee wangu," akaniambia, "umestaafu salama, umesomesha watoto wa watu salama, sasa unataka kwenda kufa katika chupa?" Nikamweleza kwa upole kwamba Titanic imelala kwenye kina cha mita 3,800 hivi, na mimi nitashuka mita 35 tu. Akajibu kwamba kwa mtu asiyejua kuogelea hata mita tatu zinatosha. Sikuwa na jibu la hapo. Na sina budi kumtendea haki: Machi 2025 nyambizi ya watalii ilizama karibu na Hurghada, Misri, wakafa watu sita. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi.

Hata hivyo safari za namna hii si jambo geni duniani. Ya kwanza kujengwa kwa ajili ya wageni ilikuwa kazi ya Jacques Piccard wa Uswisi, yule ambaye mwaka 1960, pamoja na Don Walsh wa Marekani, alishuka hadi sakafu ya shimo lenye kina kikubwa kuliko yote, katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1964 aliwashusha watu arobaini kwa mara moja ndani ya Ziwa Geneva, wakati wa maonyesho ya taifa yaliyofanyika Lausanne, kwa chombo alichokipa jina la baba yake, Auguste Piccard.

Asubuhi ya safari yetu bahari ilikuwa tulivu. Mashua ilitutoa ufukweni, mimi, binti yangu na wageni wengine wachache, ikatupeleka mahali nyambizi ilipokuwa inaelea. Tuliingia kupitia tundu la juu, kwa ngazi, tukiteremka kinyumenyume. Magoti yangu yalilalamika. Ndani, viti vilikuwa vimepangwa kila kimoja mbele ya dirisha la mviringo, na madirisha hayo yalikuwa manene kama Biblia kubwa ya altareni. Nahodha alifunga kifuniko, akaongea na watu wa juu kwa Kifaransa, halafu akatueleza taratibu kwa Kiingereza.

Nilimsikiliza kama mwanafunzi. Pembeni mwa chombo kuna matangi. Yakijaa hewa chombo kinaelea; yakiingizwa maji chombo kinakuwa kizito na kuzama; wakati wa kupanda, hewa iliyoshindiliwa katika mitungi husukuma maji yale nje. Ndani tunapumua oksijeni inayoongezwa kidogo kidogo, na hewa chafu tunayoitoa hunyonywa na dawa maalumu. Kila mita kumi za kushuka, uzito wa maji huongeza kiasi kimoja sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 35 nje ya dirisha langu palikuwa na kani ya mara nne na nusu, na mimi nimekaa ndani kama niko barazani. Nilikuwa nimefundisha somo hilo miaka mingi kwa kopo lenye matundu matatu, maji yakiruka mbali zaidi kutoka tundu la chini. Sasa nilikuwa ndani ya kopo.

Tulipoanza kushuka, mapovu yalipita dirishani, kisha yakaisha, na kukawa kimya ila mlio mdogo wa injini ya umeme. Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa nguo ya binti yangu. Alikuwa amejifunga kilemba chekundu cha kuiva. Tulipofika kina cha mita kumi na tano hivi kilikuwa cha rangi ya udongo, na chini kabisa kilikuwa kama cheusi. Mikono yetu ikawa na rangi ya kijivu. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, halafu rangi ya machungwa, halafu njano, yakaacha buluu peke yake. Nilitamani ningekuwa na darasa zima pale ndani, kwa maana somo la rangi saba za nuru lilikuwa limekaa mbele yangu limejifunga kilemba.

Kisha nikawaona samaki. Wewe msomaji uliyezaliwa pwani usinicheke. Nilikuwa nimewala samaki hao kwa nusu karne, lakini nilikuwa sijapata kumwona hata mmoja akiwa kwake. Kundi la changu lilipita taratibu, wote wakageuka kwa pamoja kana kwamba kuna mtu aliyewaamuru. Mkunga alitoa kichwa kwenye ufa, akafumbua na kufumba mdomo kama mzee anayetafuta la kusema. Pono walikuwa wakiguguna mwamba, na kupitia ile kuta nene nilidhani nawasikia. Nahodha alitueleza kwamba pono hula mwani pamoja na chokaa ya tumbawe, akaisaga, akaitoa nyuma ikiwa mchanga mweupe. Na kwamba sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe za visiwa vya namna hii imepita tumboni mwa samaki. Wageni wakacheka. Mimi nilikumbuka ufukwe wa kijijini kwangu, ambako watoto walicheza mpira miaka yote ile.

Tulizunguka mabaki ya meli iliyozamishwa. Kuanzia miaka ya 1980 watu wa Mauritius wamezamisha makusudi meli kuukuu kadhaa, zikiwa zimesafishwa kwanza, ili ziwe maskani ya samaki mahali penye mchanga mtupu. Lakini kilichonishika hakikuwa meli. Karibu nayo lilisimama tumbawe moja la mviringo, kubwa, limepita kimo changu, lina umbo la kichwa cha mtu kilichonyolewa. Nahodha alisimamisha chombo mbele yake. Alisema matumbawe ya aina hiyo hukua kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka.

Nikafanya hesabu. Kimo cha mita mbili ni sentimeta mia mbili, basi ni miaka kama mia mbili. Wakati kiumbe kile kilipoanza kama kitone kwenye mwamba, watumwa waliochukuliwa kutoka pwani yetu na Madagaska walikuwa bado wanakata miwa katika kisiwa kile, maana utumwa huko ulikomeshwa mwaka 1835. Vita viwili vya dunia vilipita juu yake. Siku nilipozaliwa Ugogoni kimo chake kilikuwa tayari kimepita mita moja. Nacho kilikuwa hai, kikiendelea kujenga, kila kizazi kikijenga juu ya nyumba ya waliotangulia. Pembeni yake samaki wadogo wasiohesabika walikuwa wakiingia na kutoka, kama watoto wakati wa mapumziko.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la mwaka 1991. Hiki ndicho kilichokuwa kikivunjwa. Kishindo kimoja, mabati yanatetemeka, watoto wanasema "moja", na miaka mia mbili imekuwa kokoto. Machozi yalinitoka. Binti yangu aliniuliza kama naumwa kifua, nikamwambia hapana.

Tuna methali isemayo: usione vyaelea, vimeundwa. Tumezoea kuitumia kwa mali na vyeo, kwamba ukiona mtu ana chake ujue amekifanyia kazi. Nadhani waliotunga walikuwa watu wa pwani, wakiangalia jahazi. Mimi ningeongeza kwamba na visivyoelea navyo vimeundwa. Jahazi likivunjika fundi ataunda jingine mwaka huu huu. Shule ikiezuliwa na upepo wanakijiji watachanga. Hata mtoto aliyepoteza mkono aliweza kujifunza kuandika kwa mwingine. Lakini tumbawe lile likivunjwa, hakuna aliye hai leo, wala mtoto wake, wala mjukuu wake, atakayeliona limesimama tena.

Watu wa Mauritius wanalijua jambo hili kwa uchungu. Kwao ndiko alikoishi dodo, yule ndege mkubwa asiyeruka. Waholanzi walifika mwaka 1598, na kabla ya karne moja kwisha hakuwepo tena; leo amebaki mifupa katika makumbusho ya Port Louis na picha kwenye nembo ya taifa. Labda ndiyo maana mwezi Agosti 2020, meli ya Wakashio iliyokuwa imekwama kusini-mashariki ya kisiwa ilipomwaga mafuta takriban tani 1,000 baharini, watu hawakungoja kuambiwa. Walishona viroba vya nguo, wakavijaza majani makavu ya miwa, wakavifunga na chupa tupu ili vielee, wakazuia mafuta kwa mikono yao.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba baruti ndiyo adui pekee. Maji yakipata joto kupita kiasi, tumbawe humtapika yule mwani mdogo anayeishi ndani yake na kumlisha, likabaki jeupe, na joto likidumu hufa. Mwaka 1998 tulipata pigo hilo katika pwani yetu yote, na Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba limeikumba tena dunia, ikiwa ni mara ya nne. Joto hilo mimi na wewe hatuwezi kulizuia kwa tangazo la serikali ya kijiji. Lakini mwamba uliopumzishwa na baruti na nyavu za kukokota una nguvu ya kuvumilia, kama mgonjwa aliyeshiba anavyovumilia homa.

Niliporudi nyumbani, mtu wa kwanza kunitembelea alikuwa yule mwanafunzi wangu wa mkono wa kushoto. Sasa ni mtu mzima, ana duka dogo na watoto wanne, na ni mjumbe wa kikundi cha doria cha kijiji kinacholinda bahari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Nasikia umepiga mbizi kutushinda sisi wenyeji."

Nikamsimulia yote, pamoja na lile tumbawe. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba anaijua sehemu aliyokuwa akipigia mbizi utotoni. Kulikuwa na vichwa kama hivyo viwili, karibu karibu, na katikati yake aliishi chewa mkubwa ambaye watoto walimwita Bwana Afya kwa sababu ya tumbo lake. "Siku hizi pale ni kokoto tupu, Mwalimu. Zikija bamvua zinabingirika huku na huku. Hakuna kinachoshika. Miaka zaidi ya thelathini." Halafu akasema, "Mkono huu nimeuzoea. Lakini pale sijapenda kupita."

Nilimwuliza kama watoto wake wamepata kuona mwamba ulio mzima. Akasema hapana, hata mmoja, ingawa wanakula samaki wake kila siku. Milipuko imepungua sana tangu misako mikali ya mwishoni mwa miaka ya 2010, na vijana wa leo hawaijui sauti ile. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini asiyejua kilichoponea chupuchupu hawezi kukilinda siku atakapotokea tena mtu mwenye fedha na chupa.

Nyambizi hatuna, wala hatutakuwa nayo. Tulichofanya ni hiki. Tulimpa fundi seremala wa kijiji ubao, tukamwomba atengeneze sanduku lisilo na kifuniko, chini akatia kioo cha dirisha, akaziba pembeni kwa lami. Ukiliegemeza juu ya maji na kuchungulia ndani, yale mawimbi madogo yanayovunja mwanga yanakwisha na unaona chini kama unaangalia sakafuni. Tulipata ruhusa ya mwalimu mkuu wa sasa na ya wazazi. Mara mbili kwa mwaka, siku za bamvua bahari inapokupwa sana, darasa la tano huenda na walimu wao na watu wa doria hadi kwenye mwamba uliosalia, maji yakiwa magotini. Hakuna kukanyaga tumbawe, hakuna kuokota kitu. Kila mtoto hupewa zamu yake kwenye sanduku, na akimaliza hutaja jina la alichokiona. Yule mwanafunzi wangu ndiye mwalimu siku hiyo. Mimi hukaa kwenye ngalawa na mwavuli, nikiandika majina.

Kwa walimu wenzangu mnaofundisha karibu na bahari, sanduku letu lilitugharimu ubao mmoja, kipande cha kioo na siku moja ya fundi. Mwezi uliopita watoto walikuwa arobaini na watatu. Orodha yao ina majina kumi na tisa ya samaki, na mawili kati ya hayo sikuwa nimeyasikia.